Skrini mpya, kompyuta inajizima: je, kadi imekufa?

Shikamoo Fundi,

Naandika huku nimekasirika, kwa hiyo nikiruka mahali utanisamehe.

Nina kompyuta ya mezani ya gemu niliyoiunganisha mwenyewe kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Prosesa ni Ryzen 5 5600, kadi ya picha ni RTX 3060 ya GB 12, RAM ni DDR4, vijiti viwili vya GB 8 vilivyoandikwa 3200. Pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, sikununua. Nilipewa na shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye aliitoa kwenye kompyuta yake ya zamani. Imeandikwa W 500 kwa herufi kubwa. Haikuwa na ule waya wa pini nane wa kadi ya picha, basi shemeji huyohuyo akanitafutia adapta inayokusanya plagi mbili za zamani za pini nne na kutoa moja ya pini nane. Mashine iliwaka mara ya kwanza, tukapongezana.

Kwa miezi saba nilichezea skrini ya inchi 22, ya 1920 kwa 1080, Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Sikupata shida ya maana. Mwezi uliopita nikajikakamua nikanunua skrini ya inchi 27, 2560 kwa 1440, Hz 165, paneli ya aina ya VA. Nikachomoa waya wa HDMI kwenye skrini ya zamani, nikauchomeka kwenye hii mpya. Mambo yakaanza kwenda mrama hapohapo.

Kwanza, mwendo wa picha ni uleule. Picha ni kubwa na kali, hilo sikatai, lakini ule ulaini niliokuwa nikiusikia kwa watu wenye Hz 165 sijauona. Rafiki ninayecheza naye akaniambia nizime V-Sync, ule mpangilio unaoilazimisha kadi ifuate mwendo wa skrini. Nikazima. Picha zikaanza kukatika katikati kama karatasi iliyochanwa, na ulaini haukuja.

Pili, na hili ndilo linaninyima usingizi: nikiingia gemu nzito, baada ya dakika kumi au ishirini skrini inakuwa nyeusi ghafla na kompyuta inajiwasha upya. Hakuna ujumbe, hakuna skrini ya bluu. Nikicheza gemu nyepesi au nikitazama filamu, imetulia kabisa. Nilichungulia kumbukumbu za matukio za Windows nikakuta kosa la Kernel-Power namba 41 limejipanga mstari kwa mstari.

Tatu, kwenye maeneo yenye watu wengi gemu inashikwa na kigugumizi. Hili lilikuwepo hata zamani, nilikuwa nimeshalizoea. Nne, wahusika wakikimbia gizani wanaacha nyuma yao utepe mweupe kama moshi.

Ushauri nilioupata mpaka sasa ni huu. Shemeji anasema kadi imekufa, na yuko tayari kuichukua hivyohivyo ilivyo ili anipunguzie mzigo. Rafiki anasema prosesa ni dhaifu na inaibana kadi. Mwingine anasema nirudishe skrini, nichukue ya inchi 27 ya 1080 yenye Hz 240, eti Hz ndiyo kila kitu. Mke wangu anasema niuze vyote nipumzike.

Akiba niliyo nayo inanunua kitu kimoja, haifiki viwili. Na muda wa kurudisha skrini umebaki siku tisa. Ninunue nini? Nimeambatanisha picha ya ndani ya kasha na ya kibandiko cha pawasaplai.

Wako,
Mchezaji Aliyekwama

JIBU

Marahaba, Mchezaji. Kabla ya yote, hiyo kadi isitoke nyumbani kwako. Shemeji ni ndugu na sina ubaya naye, ila mtu akikwambia kitu kimekufa kisha akajitolea kukizika mwenyewe, mwombe kwanza akuonyeshe maiti.

Una magonjwa manne, na matatu kati ya hayo yanatibika bila kununua chochote. Lililobaki ni hilo la kujizima, na hapo ndipo akiba yako itakapokwenda. Tuanze nalo, maana ndilo linaloweza kukuunguzia vitu.

Nimeikuza picha ya kibandiko. W 500 kweli ipo, tena kwa herufi za kutisha. Lakini chini yake kuna jedwali dogo ambalo watu hawalisomi, na mstari wenye maana kwako ni ule wa +12V: ampea 24. Zidisha 12 kwa 24, unapata W 288. Hizo ndizo wati ambazo kadi na prosesa yako vinagawana. Nyingine zote za kufikisha 500 zimehesabiwa kwenye njia za volti 3.3 na 5, ambazo zilikuwa na kazi kubwa kwenye kompyuta za zamani lakini kwenye mashine kama yako zinakaa karibu bure.

Sasa hesabu ya matumizi. RTX 3060 imepangiwa W 170. Ryzen 5 5600 inauzwa kwa jina la W 65, lakini ikibanwa na kazi inaruhusiwa kuvuta hadi 76. Hapo umeshafika 246, na hujagusa ubao mama (mazabodi, kama wengi tunavyouita), feni, diski wala hizo taa za rangi ninazoziona kwenye picha. Weka W 40 tu kwa hivyo vyote na umefika 286, ukingoni kabisa mwa zile 288. Tena hizo ni hesabu za mwendo wa kawaida. Kadi ya picha hairuki kwa ustaarabu. Inaweza kupanda juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache, kisha ikashuka, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Pawasaplai nzuri inameza miruko hiyo. Iliyochoka inaona volti zimeporomoka, inakata, na wewe unabaki unaitazama skrini nyeusi. Nvidia wenyewe wanaitakia kadi hiyo pawasaplai ya W 550, na wanamaanisha W 550 za kweli.

Utaniuliza: mbona miezi saba ilinyamaza? Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloiondolea kadi kesi. Skrini yako ya zamani ilikuwa na pikseli 2,073,600. Hii mpya ina 3,686,400. Kila fremu moja, yaani kila picha inayochorwa, sasa ina kazi zaidi kwa asilimia 78. Halafu zamani V-Sync ilikuwa imewashwa kwenye skrini ya Hz 60, maana yake kadi ilikuwa ikichora fremu 60 kwa sekunde na muda uliobaki inapumzika. Ulikuwa umeifunga hatamu bila kujua. Ukaleta skrini yenye kazi kubwa zaidi, na kwa ushauri wa rafiki ukaivua hatamu. Kadi iliyokuwa ikitembea ikaanza kukimbia kwa nguvu zake zote kwa mara ya kwanza tangu uinunue, na pawasaplai ya shemeji ikashindwa kuilisha. Skrini haina kosa, na ninavyoona mimi kadi nayo haina.

Kuhusu lile kosa namba 41, usilipe uzito lisilostahili. Limewapeleka watu wengi kununua vitu wasivyovihitaji. Windows huliandika inapowaka tena, na linachosema ni kwamba mara ya mwisho kompyuta ilizimika bila kuaga. Ni sawa na mlinzi aliyeandika kwenye daftari kwamba alfajiri alikuta mlango wazi. Nani aliufungua, daftari halisemi.

Kwa hiyo tunahitaji ushahidi. Lakini kabla ya ushahidi kuna adapta, na hiyo ndiyo inanitia hofu kuliko pawasaplai yenyewe. Plagi ya pini nane ya kadi imeundwa kubeba hadi W 150. Wewe unazipitisha kwenye plagi mbili za pini nne zilizobuniwa kwa ajili ya diski na feni, na ukizifuatilia zile nyaya kwenye picha utaona zote mbili zinatoka kwenye mkia mmoja. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, subiri ipoe, kisha chomoa adapta uitazame mdomo kwenye mwanga. Plastiki iwe na rangi yake ya asili. Ukiona imegeuka kahawia, au pini imezama, au ukainusa ukasikia harufu ya kuungua, hakuna cha kupima tena. Gemu nzito ziishie hapo mpaka pawasaplai mpya iingie. Niliwahi kuchomoa moja iliyokuwa imeyeyuka ikashikana na mwenzake. Nilivuta, nikavuta, mwisho nikachukua koleo nikakata. Mwenye mashine alikuwa amekuja kulalamika kwamba gemu "inakwama kidogo".

Adapta ikiwa safi, fanya jaribio hili. Pakua MSI Afterburner, programu ya bure, utafute kitelezi cha kikomo cha umeme wa kadi, ukishushe hadi asilimia 70. Hapo kadi haitavuka W 119. Usibadilishe kitu kingine chochote. Cheza gemu ileile inayokuzimia, sehemu ileile, kwa saa nzima. Ikitulia, rudisha asilimia 100 ucheze tena. Ikizima kwa asilimia 100 na ikatulia kwa 70, mkosaji umemshika shati, na huhitaji kumsikiliza mtu mwingine.

Huku ukicheza, weka jicho kwenye joto, kwa sababu joto nalo linazima kompyuta, ila tabia zake ni tofauti. Joto linapiga hodi. Feni zinaanza kulia, kisha kasi inashuka na fremu zinapungua, maana prosesa na kadi hujipunguzia mwendo zenyewe kabla hazijafikia hatua ya kuzima. Ryzen 5 5600 mpaka wake ni nyuzi 90, kadi yako 93. Ukiona 70 na kitu halafu giza likaingia ghafla kama mshumaa uliopulizwa, hilo si joto.

Na ikizima hata kwa asilimia 70? Basi nimekosea, na tutatazama RAM kwanza: toa kijiti kimoja, cheza na kimoja, kisha badilisha, na usiku iache MemTest86 ikipima. Sidhani tutafika huko.

Nikichukulia kwamba jaribio litasema ninachotarajia, kitu kimoja cha kununua ni pawasaplai ya W 650. Kwa mashine yako W 550 nzuri ingetosha, ila tofauti hiyo ndogo itakupa nafasi siku ukibadilisha kadi. Dukani usianze kusoma namba kubwa. Geuza boksi, tafuta jedwali, soma mstari wa +12V. Pawasaplai ya kisasa ya W 650 itakuonyesha ampea kama 54, yaani karibu wati zote ziko kwenye 12V. Ukiona W 650 halafu mstari huo unasema 35, irudishe kwenye rafu. Hakikisha ina nyaya za pini nane za kadi, zake yenyewe, bila adapta. Ile alama ya 80 Plus, iwe Bronze au Gold, inakwambia ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinafika ndani badala ya kupotea kama joto. Haikwambii ndani kuna vipuri gani. Mimi huangalia pia miaka ya dhamana. Kiwanda kinachothubutu kuandika mitano au zaidi kwa kawaida kinajua kilichoweka ndani.

Onyo moja ambalo limeua diski nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka: ukifunga pawasaplai mpya yenye nyaya za kuchomoka, tumia nyaya zilizokuja nayo tu. Upande wa mazabodi na kadi umepangwa kwa kanuni moja dunia nzima, lakini upande unaochomekwa kwenye pawasaplai kila kiwanda kinajipangia kinavyotaka. Waya unaingia vizuri kabisa, unabofya vizuri kabisa, na unapeleka volti 12 mahali pa volti 5. Na ile ya zamani usiifungue kwa udadisi, hata ikiwa imechomolewa. Ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa kutosha kukurusha.

Tuje kwenye skrini, ambako nina habari njema.

Wengi wakiniandikia kwamba skrini mpya haina ulaini, huwa nauliza kwanza kama waya umechomekwa kwenye mazabodi badala ya kadi. Wewe sikuulizi: Ryzen 5 5600 haina picha ya ndani, kwa hiyo ungeuchomeka huko usingeona kitu. Tatizo lako ni jepesi zaidi. Windows mara nyingi huipokea skrini mpya kwa Hz 60 na kukaa hapo mpaka uiambie. Bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, ingia mipangilio ya onyesho, shuka hadi mipangilio ya kina ya onyesho, utakuta kasi ya kuhuisha picha imeandikwa 60. Fungua orodha uchague kubwa kuliko zote.

Hapo huenda ukaishia 144 usione 165, au ukakuta namba ndogo zaidi. Ni kwa sababu ya HDMI. Skrini nyingi za daraja lako zinaishia Hz 144 kwenye tundu la HDMI, na ile 165 iliyoandikwa kwenye boksi inapatikana kwenye tundu la DisplayPort peke yake. Nenda kwenye boksi la skrini, inua lile boya la chini. Waya wa DisplayPort mara nyingi unalala hapo, na watu wengi wanautupa pamoja na boksi. Hata DisplayPort ya toleo la 1.2 inatosha kwa 1440 na Hz 165, kwa hiyo usiruhusu mtu akuuzie waya wa kifahari.

Kujua kama imekubali huhitaji programu. Shika mausi, zungusha mshale haraka kwenye duara. Kwa Hz 60 utaona mishale michache imeachana kama nyayo za mtu anayekimbia mchangani. Weka 165, zungusha tena: nyayo zimesogeleana karibu kuwa mstari. Kila picha ilikuwa ikikaa mbele yako kwa milisekunde 16.7, sasa inakaa 6.1.

Ukishaona hivyo, tibu na ule mchano wa picha. Kwenye menyu ya skrini yenyewe, ile ya vitufe vya chini au nyuma, washa FreeSync. Kisha fungua paneli ya Nvidia, washa G-Sync. Usishangae majina mawili ya wapinzani kukutana: tangu Januari 2019 kadi za Nvidia zinakubali skrini za FreeSync, na kabla ya hapo ulilazimika kununua skrini yenye kifaa chao maalumu ndani. Kinachotokea ni kwamba skrini inaacha kupiga mdundo wake na kufuata mdundo wa kadi. Kadi ikitoa fremu 83, skrini inahuisha mara 83. V-Sync iwashe tena, lakini kwenye paneli ya Nvidia, na ndani ya gemu uizime. Weka kikomo cha fremu 160 hivi, chini kidogo ya 165, ili usigonge dari. Paneli za VA wakati mwingine hupepesa kidogo kwenye giza fremu zikipanda na kushuka sana. Ukiliona hilo, shusha kikomo hadi kiwango ambacho kadi inaweza kukishikilia.

Huo utepe mweupe nao una jina. Kwenye menyu ya skrini kuna mpangilio wa ovadraivu, pengine umeitwa muda wa mwitikio, na nakisia umewekwa kwenye kiwango cha juu kabisa. Pikseli za skrini ni fuwele zinazogeuka kwa umeme. Ovadraivu inazisukuma kwa nguvu zaidi ili zigeuke upesi, na ukisukuma kupita kiasi zinavuka mahali zilipotakiwa kusimama kisha zinarudi. Huko kuvuka ndiko kunakoacha utepe. Shusha ngazi moja, cheza dakika tano, shusha nyingine. Ile "ms 1" iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa katika hali ambayo hakuna mtu anayecheza. Na VA hasa ina uzito wa kutoka weusi kwenda kijivu, kwa hiyo kivuli kidogo cha giza kitabaki hata ukirekebisha. Ndiyo bei ya weusi wake mzuri: VA nyingi hufikia utofauti wa 3000 kwa 1, ilhali IPS, aina nyingine ya paneli, kwa kawaida huzunguka 1000 kwa 1.

Je, uirudishe uchukue ya Hz 240? Hapana, kwa macho yangu. 1080 iliyotandazwa kwenye inchi 27 inakupa pikseli kama 82 kwa inchi. Hii uliyo nayo ina 109. Unakaa karibu na skrini, utaziona chembe. Na ulichopata kutoka Hz 60 kwenda 165 ni kupunguza zaidi ya milisekunde 10 kwa kila picha. Kutoka 165 kwenda 240 ni chini ya milisekunde 2, tena ikiwa kadi inaweza kutoa hizo fremu 240, na RTX 3060 kwenye gemu nzito haiwezi. Kama ungekuwa mtu wa mashindano ya kulenga shabaha na hakuna gemu nyingine unayogusa, ningekusikiliza. Barua yako haisemi hivyo. Sababu moja tu itakayonifanya nikubali uirudishe ni kile kivuli cha giza: ukirekebisha ovadraivu na bado kinakuudhi, badilisha kwa IPS ya ukubwa na rezolusheni hiihii. Ndiyo maana mambo ya skrini uyafanye leo usiku, usisubiri pawasaplai. Una siku tisa. Weka pia picha tupu nyeusi, kisha nyeupe, kisha nyekundu, kijani na bluu, utafute pikseli zilizokufa.

Limebaki lile la kigugumizi, na hapa rafiki yako amekaribia kupatia bila kujua. Tazama tena picha ya ndani ya kasha. Mazabodi ina nafasi nne za RAM, na vijiti vyako viwili vimekaa jirani, ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa. Kwenye mazabodi za namna hii nafasi hizo mbili ni za njia moja. Prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, na wewe umeipitisha kwenye moja huku nyingine ikikaa tupu miezi yote hii. Zima, chomoa umeme, hamisha vijiti viwe nafasi ya pili na ya nne. Bonyeza mpaka usikie vishikizo vikilia.

Ukiwasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia upande wa utendaji, bofya kumbukumbu, utazame kasi. Nakisia utaona 2133 au 2400. RAM ya 3200 haijiendeshi kwa 3200 mpaka uingie BIOS, ile mipangilio ya mazabodi inayofunguka kabla ya Windows, na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi ya RAM. Baada ya kuiwasha, mashine inaweza kukaa giza kwa muda mara ya kwanza inapojipima na hiyo RAM. Usipaniki wala usichomoe. Ikigoma kabisa kuwaka, zima, chomoa umeme, toa ile betri bapa ya mazabodi kwa dakika chache, irudishe, na BIOS itasahau ulichofanya.

Ukimaliza hayo, mpime rafiki. Kwenye sehemu yenye watu wengi shusha rezolusheni ya gemu hadi 1080. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa na prosesa haina hatia. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyofika mwisho, lakini kwa fremu ngapi? Zikiwa 90 au 100, sioni cha kuhuzunikia. Na usimwonee wivu mwenye RTX 4060: inatumia umeme kidogo, W 115, ila ina kumbukumbu ya GB 8 na yako ina 12, na kwenye 1440 hizo nne za ziada zina siku zake.

Shemeji naye asiachwe hivihivi. Pawasaplai mrudishie na shukrani. Kompyuta ya kuandikia barua, isiyo na kadi ya picha, itaitumia bila matatizo. Adapta usimrudishie. Ikate vipande viwili kabla hujaitupa, ili asije akaiokota.